Maneno Ambayo Mwalimu Hakuyasema

Mwalimu wa dansi alikuwa amelala kiubavu chini ya ngazi za chuma, goti moja limekunjwa, kiganja chini ya shavu, kama mtoto aliyelazwa na mama yake. Damu iliyomtoka kisogoni ilikuwa imeingia kwenye nyufa za saruji. Alikuwa bado anapumua.

"Nani amemlaza hivi?" Inspekta aliuliza.

"Mimi sijamgusa," mfamasia alijibu upesi. Duka lake la dawa lilikuwa ghorofa ya chini, na mlango wake wa nyuma ulitazamana na ngazi hizo. "Nilimkuta hivihivi. Nikapiga simu."

"Ulitokaje nje?"

"Nilikuwa napanga maboksi. Nikasikia mlango unagongwa. Si hodi ya mteja, Inspekta. Ni ugongaji wa mtu mwenye haraka. Nikafungua, hakuna mtu. Ndipo nikamwona huyu."

"Kabla ya hapo ulisikia ugomvi?"

"Kule juu kila siku ni muziki na vishindo, masikio yangu yameshakufa ganzi. Lakini leo darasa lilikuwa limekwisha, muziki umezimwa. Nilisikia mtu anafoka. Kwa Kiswahili. Sauti ya mtu mzima. Halafu kishindo."

"Alisema nini?"

"Sikushika."

Wahudumu wa gari la wagonjwa walimfunga mwalimu shingo, wakambeba. Inspekta alibaki anaangalia mahali alipokuwa amelala. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya chini iliyowalazimisha watu kunyamaza ili wamsikie. Kazini walimwita Inspekta tu, hata wale aliosoma nao chuo cha polisi, na yeye hakuwahi kulalamika. Alipenda kazi iliyonyooka. Alama, shahidi, mshukiwa, jalada limefungwa.

Alipanda ngazi. Juu kulikuwa na ukumbi mmoja mrefu wenye vioo ukuta mzima, na mlangoni kibao cha lugha mbili, Kiswahili juu na Kihispania chini: karibuni mjifunze kucheza bachata. Sakafu ilikuwa imenyunyiziwa poda ili viatu viteleze vizuri. Poda hiyo ndiyo iliyokuwa ya kwanza kusema.

"Tazama," alimwambia Sajini. "Huyu mwenye kisigino kipana hakuja na darasa. Alipanda kwa ngazi za nyuma, viatu vikiwa safi, hakuna alama yake ya kupanda. Kaingia ndani, kakanyaga poda. Wakatoka wawili mpaka hapa juu ya ngazi. Mmoja akaanguka. Mwingine akateremka kwa miguu yake."

Sajini alifuata nyayo nyeupe kwa macho. Zilishuka, zikazunguka pale palipokuwa na damu, zikaenda hadi mlango wa duka la dawa, zikaishia kwenye kichochoro kinachoelekea mtaa wa nyumba zenye mageti.

"Afande, yaani aliyemsukuma ndiye aliyemlaza vizuri?"

"Na ndiye aliyegonga mlango. Halafu akakimbia."

"Mhalifu wa namna gani huyo?"

"Mwenye aibu," Inspekta alisema.

Mtaalamu wa picha alikuwa anapiga nyayo hizo picha pale kijana mmoja mrefu, mwenye shati la maua, alipokuja mbio akitokea barabarani. Watu walimwita Kipaza. Ndiye aliyekuwa mkalimani wa studio. Alikuwa ameishi ng'ambo miaka mingi, akarudi na lugha, na pamoja na mwalimu wakafungua ukumbi ule karibu na mtaa wa watu wenye nafasi kidogo na jioni ndefu.

"Yuko hai?" aliuliza.

"Yuko hai. Wewe ulikuwa wapi?"

"Darasa lilipokwisha nilishuka kwa mbele, nikaenda kununua maji. Waulize dukani."

"Mwalimu anajua Kiswahili?"

"Anajua kuhesabu. Asante na karibu. Mengine yote hupitia kwangu. Mimi ndiye mdomo wake, Inspekta. Na masikio yake pia."

"Ana ndugu hapa?"

"Hana mtu. Ni mimi tu."

Alilia kilio cha kweli, na Inspekta, aliyekwisha kuona machozi ya kila aina, hakuyatilia shaka. Dukani walithibitisha kwamba alikuwa kwenye foleni.

*

Kesho yake daktari alipiga simu. Majeruhi amezinduka, fuvu lina ufa lakini atapona, anaweza kusema kidogo. Inspekta alimchukua Kipaza ili atafsiri. Baadaye angejiuliza mara nyingi kwa nini hakutafuta mtu mwingine. Jibu lilikuwa jepesi, na ndiyo maana lilimchoma. Kipaza alikuwa karibu, alikuwa mcheshi, na alikuwa tayari.

Mwalimu alikuwa mtu mwembamba mwenye mvi mbili tatu, kichwa kimefungwa bandeji. Alipomwona Kipaza alinyanyua mkono.

"Muulize nani alimsukuma."

Kipaza aliuliza. Mwalimu alisema kwa muda mrefu, polepole, akipumzika katikati, akinyanyua mikono yote miwili kana kwamba anamshika mtu asiyeonekana. Inspekta hakujua neno hata moja la Kihispania. Lakini katikati ya maneno yale yanayoteleza kama maji alisikia neno analolijua tangu utotoni.

Udongo.

Mwalimu alilisema vibaya, akalirudia. Udongo. Na mara nyingine tena, akikunja uso kama mtu anayejaribu ufunguo kwenye kufuli.

"Anasema aliteleza," Kipaza alisema. "Alikuwa peke yake. Hakuna aliyemsukuma."

"Maneno yote yale ni kuteleza tu?"

"Wenzetu hawa wana maneno mengi, Inspekta."

"Mbona nimesikia anasema udongo?"

Kipaza alikohoa. "Neno lao hilo. Yamefanana tu."

"Maana yake?"

"Ni kama... utelezi."

Inspekta aliandika. Lakini jambo moja lilimkaa rohoni. Mwalimu alipomaliza kusema hakumtazama yeye, askari. Alimtazama Kipaza, nyusi zimeinuka, akingoja. Mtu aliyekwisha kujibu hatazami hivyo. Alikuwa ameuliza swali, na hakuna aliyemjibu.

Nje, karibu na gari, alimwambia Sajini, "Huyu kijana ananidanganya. Neno udongo linakuambia nini?"

Sajini, ambaye alipanga chumba katika mtaa uleule wa mageti, alitabasamu kwa haya. "Afande, kwetu wiki nzima ni udongo tu. Hebu tazama."

Alitoa simu. Ilikuwa video fupi iliyozungushwa kwenye kundi la mtaa tangu darasa la juma lililopita. Ukumbi umejaa. Katikati, mzee mmoja mwenye shati lililopigwa pasi mpaka likasimama, amemshika mkewe, anahesabu hatua kwa midomo, miguu imemgomea. Muziki unasimama. Mwalimu anamwelekezea mkono, anasema maneno ya Kihispania. Kisha Kipaza anashika kipaza sauti, ananyamaza kidogo ili watu wangoje, anasema:

"Mwalimu anasema, pole mama na vidole vyako. Huyu baba hachezi, anakanyaga udongo wa kujengea. Juma lijalo aje na jembe na ndoo. Na wewe mama, ukipata mwingine, usimwache apite."

Ukumbi unaanguka kwa kicheko. Mama yule naye anacheka, mkono mdomoni. Mwalimu naye anacheka.

Sajini alicheka. Inspekta alijizuia, kisha akashindwa, akacheka mpaka akafuta macho kwa kidole.

"Huyu Kipaza ana kipaji," alisema. "Huyo mzee ni nani?"

"Bwana Afya. Amestaafu zamani, lakini jina halijastaafu. Alikuwa mkaguzi wa afya huku kote. Mikahawa, vyoo, mabucha. Watu walikuwa wakimwona kwa mbali wanaanza kufagia. Na sisi vijana alitufundisha huduma ya kwanza pale zahanati. Mtu akizirai mlaze ubavu, kunja goti, weka kiganja chini ya..."

Sajini alinyamaza katikati ya sentensi. Wote wawili waliacha kucheka.

"Tukamchukue?" Sajini aliuliza hatimaye.

"Kwa lipi? Kwa jinsi mtu alivyolazwa? Nataka kwanza nisikie alichosema majeruhi. Na safari hii kwa mdomo mwingine."

*

Chuo kikuu kiliwapa mhadhiri wa Kihispania, mama mmoja mkavu, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba. Alikaa kando ya kitanda, akamsalimu mwalimu, na uso wa mwalimu ukafunguka kama wa mtu aliyesikia lugha ya kwao.

"Nitatafsiri neno kwa neno," mhadhiri alisema. "Asiposema jambo sitalisema, na akilisema sitaliacha."

"Ndivyo ninavyotaka."

"Anasema, alikuja yule baba anayemshika mkewe vizuri. Alipanda kwa nyuma. Alikuwa anasema kwa uchungu, na mimi sikumwelewa. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Alikuwa anarudia neno moja, udongo, udongo, na kujipiga kifuani. Nikadhani amekuja kwa sababu hatua zinamshinda. Nikamshika mikono nimwonyeshe. Akanisukuma. Sidhani alizikumbuka ngazi. Msimfunge. Nilimwuliza rafiki yangu jana hapa hapa: udongo ni nini? Umemwambia nini yule baba? Hakunijibu."

Mhadhiri alivua miwani. "Na mimi sielewi. Udongo unahusu nini?"

Inspekta alimpa simu ya Sajini. Ilikuwa ni lazima, kwa ajili ya ushahidi. Alisimama nyuma yake wakati video ikicheza, na ilipofika pale pa jembe na ndoo, mdomo wake ulitaka kujikunja tena kwa mazoea.

Mhadhiri hakucheka. Aliirudisha nyuma, akasikiliza kwa sikio moja karibu kabisa na simu. Akairudisha tena.

"Hakusema hivyo," alisema.

"Hakusema nini?"

"Chochote katika hayo. Mwalimu anasema hivi: Mtazameni huyu baba. Miguu yake bado haijajua, lakini mikono yake inajua. Anamshika mkewe kama mtu anayejua alichoshika. Hatua nitawafundisha ninyi nyote. Hili siwezi kumfundisha mtu."



"Rudia," Inspekta alisema, ingawa alikuwa amesikia.

Mhadhiri alirudia. Sajini alikuwa amegeukia dirisha. "Mimi niliituma kwa shemeji yangu," alisema bila kumwelekea mtu. "Na yeye akaituma kazini kwake."

Inspekta alihisi joto linampanda shingoni hadi masikioni. Alikuwa amecheka mpaka machozi. Alikuwa amemsifu kijana yule, na kabla ya hapo alikuwa amemleta kitandani kwa majeruhi, akaandika uongo wake kwa mkono wake mwenyewe, kwa hati nzuri.

Kutoka kitandani mwalimu aliuliza kitu.

"Anauliza udongo ni nini," mhadhiri alisema. "Nimwambie?"

"Mwambie."

Mhadhiri alimweleza, kwa sauti ya chini, mpaka mwisho. Mwalimu alifumba macho. Akageuza uso ukutani, na muuguzi akawaomba watoke.

*

Kipaza hakuwa na ubishi mrefu.

"Umemdanganya polisi anayechukua maelezo ya majeruhi," Inspekta alimwambia kwenye chumba cha mahojiano. "Hilo lina kifungu chake. Lile la ukumbini halina, na ndilo baya zaidi."

"Ulikuwa utani tu."

"Wa nani?"

Kipaza alitazama mikono yake.

"Wa nani? Nakuuliza."

"Wangu."

"Umeanza lini?"

"Mwanzoni nilikuwa natafsiri sawasawa. Mwalimu husema maneno mazuri, marefu, ya polepole. Watu wanapiga miayo. Kila wiki wanapungua. Siku moja nikachomeka kichekesho. Ukumbi mzima ukanigeukia. Mimi, Inspekta, si yeye. Wiki iliyofuata wakaja na wenzao. Nikachomeka tena."

"Na yeye, akiuliza wanacheka nini?"

"Namwambia wamefurahi."

"Akaamini?"

"Aliamini. Alikuwa ananishukuru." Kipaza alipangusa pua kwa mkono wa shati. "Alikuwa anasema, hujui jinsi unavyonisaidia, bila wewe hawa watu wasingenipenda."

Inspekta hakumpa kitambaa wala maji. Alitaka kumkasirikia kwa moyo mmoja, kama ilivyostahili, lakini hakuweza. Kila alipomtazama alijiona yeye mwenyewe kando ya gari, akifuta macho.

"Jana ulijua ni nani aliyemsukuma?"

"Aliponiambia mzee alikuwa anasema udongo, nilijua. Nikaona nikitafsiri hilo, nitatafsiri na mengine yote."

*

Nyumba ya Bwana Afya ilikuwa ya mwisho kwenye safu, ndogo kuliko za jirani. Ua ulikuwa umefagiwa, mapipa ya maji yamefunikwa, glasi zimeinamishwa kwenye kitambaa cheupe. Barazani, jozi ya viatu vya kahawia ilikuwa inakauka. Vilikuwa vimeoshwa kwa brashi, lakini kwenye mshono wa soli, karibu na kisigino kipana, mstari mwembamba wa poda ulikuwa umeganda.

Mkewe aliwafungulia. Alikuwa mwanamke mnene mwenye uso wa bashasha, ila leo bashasha haikuwepo.

"Karibuni. Yupo."

Bwana Afya alisimama kuwapokea. "Karibu mwanangu," alimwambia Inspekta. "Kaa. Nilidhani mngekuja jana."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwalimu ameamka?"

"Ameamka. Atapona."

Mzee alikaa chini ghafla, kama kamba imekatwa. Mkewe alisogea, kisha akasimama palepale, hajui kama anaruhusiwa kumgusa.

"Mzee, nina wajibu wa kukuambia kwamba una haki ya kunyamaza. Utakayosema naweza kuyatumia mahakamani."

"Nitasema. Viatu ulishaviona pale nje. Nilivisugua, nikaona ninafanya jambo la kijinga, nikaviacha."

"Tuanzie kwenye darasa."

"Darasa ni wazo la huyu." Hakumtazama mkewe. "Watoto wamehama, nyumba imekuwa kimya, akasema twende tukajifunze. Mimi na dansi wapi na wapi. Lakini nilipomshika mara ya kwanza pale, nikaona bado tupo. Nikawa naingoja hiyo siku kama mtoto. Nafanya mazoezi bafuni, nimeshika taulo."

Mkewe aliinamisha kichwa. Ni wazi kwamba la taulo hakulijua.

"Kisha?"

"Kisha ukaja udongo. Mwanangu, mimi nimeingia jikoni kwa watu miaka yote hiyo. Nimefunua masufuria yao, nimewaambia hapa pachafu, na wakaitikia ndiyo Bwana Afya. Wiki ile nimekwenda kununua mkate, kijana wa dukani ananiuliza, mzee, udongo umeiva? Mwenye bucha, niliyewahi kumfungia, ananipungia jembe. Watoto wa geti la pili wananiimbia. Nikaacha kutoka."

"Ukamkasirikia mwalimu."

"Nilivumilia watu. Watu hucheka, ndio watu. Lakini huyu..." Safari hii alimtazama mkewe. "Huyu alicheka. Nilikuwa bado nimemshika. Nilihisi kicheko chake hapa, mikononi mwangu."

"Nilicheka," mkewe alisema. Sauti ilitoka kama ya mtu anayesomewa shtaka yeye. "Wote walicheka, na mimi nikacheka. Nimejaribu kukwambia pole, maneno yanakataa."

Sajini aliacha kuandika. Inspekta alimwashiria aendelee.

"Jumamosi kilifanyika nini?"

"Nilingoja darasa liishe. Nikapita nyuma nisionekane. Nilitaka kumwuliza neno moja tu: nimekukosea nini? Nikamwuliza. Akatabasamu. Nikamwambia umenivunjia heshima mbele ya mke wangu, umeniita mkanyaga udongo. Akanishika mikono hivi, kama tunavyoshikana kwenye dansi. Nikajua ananichezea shere mpaka mwisho. Nikamsukuma. Tulikuwa tumeshafika mlangoni, ngazi sikuziona. Mungu shahidi."

"Ukateremka."

"Nikasikiliza pumzi. Nikamlaza. Nikagonga mlango wa dawa."

"Kwa nini hukungoja?"

"Niseme kweli? Sikuogopa jela. Nilifikiri mfamasia atafungua, ataniona, na kitu cha kwanza kitakachomjia kichwani ni udongo. Nimemwacha mtu anavuja damu kwa sababu ya hilo. Miaka yote nilifundisha vijana: usimwache majeruhi peke yake."

Ungamo lilikuwa limekamilika. Viatu vipo, nyayo zipo, chanzo kipo. Inspekta angeweza kusimama, kumfunga pingu, na kumwachia mzee chuki yake kwa mwalimu, ambayo angalau ingempunguzia mzigo. Alifikiria kufanya hivyo. Mzee angekwenda mahakamani akiamini amemsukuma mtu aliyemtukana. Lakini uongo katika shauri hili ulikuwa umeshatosha.

"Mzee," alisema, "mwalimu hakukuita mkanyaga udongo."

"Nilisikia kwa masikio yangu."

"Ulimsikia Kipaza. Yeye ndiye aliyetunga. Amekiri. Maneno ya mwalimu yametafsiriwa upya."

"Alisemaje?"

Inspekta alimwambia. Alijitahidi kuyasema kama mhadhiri alivyoyasema, bila kuongeza wala kupunguza. Miguu yake bado haijajua, lakini mikono yake inajua. Alipofika kwenye hili siwezi kumfundisha mtu, mkewe alikuwa ameketi sakafuni, mgongo kwenye ukuta, kanga imefunika uso.

Bwana Afya hakulia. Alitazama viganja vyake, vile vile vilivyomsukuma mtu, akavigeuza juu na chini.

"Lakini alicheka," alisema baadaye sana. "Nilimwona. Mtu hamsifu mwenzake kisha akamcheka."

Inspekta alimwashiria Sajini avichukue viatu vya barazani.

*

Kanuni hazikuruhusu wala hazikukataza. Majeruhi mwenyewe aliomba kumwona mzee, daktari akakubali, na hospitali ilikuwa njiani kuelekea kituoni. Mhadhiri aliitwa tena. Bwana Afya aliingia wodini bila pingu, mkewe nyuma yake, Sajini mlangoni.

Mwalimu aliketi alipomwona. Mzee alisimama miguuni pa kitanda, mikono nyuma.

"Mwambie nimekuja kumwomba radhi. Mwambie nilimwumiza kwa neno ambalo hakulisema. Mwambie pia kwamba nilimwacha pale chini."

Mhadhiri alitafsiri. Mwalimu alitikisa kichwa, akaanza kusema, akasita, akaanza upya.

"Anasema, kuna jambo lazima ulijue. Nilicheka. Sikujua kinachochekwa, lakini niliona wote wanacheka, na mimi ni mgeni, nikacheka ili niwe pamoja nao. Nilikutazama, nikaona wewe hucheki. Niliona. Na bado nikaendelea kucheka. Nimelala hapa nafikiria hilo zaidi ya kichwa changu."

Bwana Afya alisikiliza mpaka mwisho. "Basi," alisema. "Hapo nimeelewa." Hakusema amesamehe, wala mwalimu hakumwomba aseme. Walibaki wametazamana, watu wazima wawili walioumbuliwa na mdomo wa mtu wa tatu, na kila mmoja akiwa na lake.

"Twende, mwanangu," mzee alimwambia Inspekta.

"Kesho utasomewa shtaka la kujeruhi. Majeruhi amesema hataki ufungwe, nitalieleza hilo. Lakini hakimu ndiye ataamua."

"Nitakiri. Sitaki wakili wa kunisemea."

Ilikuwa saa ya chakula. Muuguzi alikuwa ameweka bakuli la uji kwenye kimeza, na mwalimu, mkono wake wa kulia umefungwa dripu, alikuwa anajaribu kukishika kijiko kwa wa kushoto. Mke wa Bwana Afya alikitazama kijiko kile kikitetemeka. Alitazama mlango, ambako mumewe alikuwa ameshaanza kutoka kati ya Inspekta na Sajini. Akasimama hapo katikati, hajui aende upande gani.

"Huyu hana ndugu hapa?" aliuliza.

"Hana," Inspekta alijibu.

Mama alivuta kiti, akakaa, akachukua kijiko. Hawakuwa na lugha ya pamoja, na mhadhiri alikuwa ameshaaga. Alipuliza uji ukapoa, akamlisha, na kila kijiko kilipofika mdomoni mwalimu alisema asante, na yeye hakuweza kunyanyua macho amwitikie.

Kwenye korido Bwana Afya alisimama, akaangalia nyuma kupitia kioo cha mlango. Inspekta alingoja.

"Nimwite, muagane?"

"Mwache amalize," mzee alisema, akaanza kutembea.